Milango Sita ya Umoja

Shule ilikuwa na vyoo sita vya wasichana, na mlango hakuna hata mmoja. Ilikuwepo zamani. Mmoja uliliwa na mchwa, miwili iling'olewa na upepo, na mitatu iliyobaki ilikwenda likizo ya mwisho wa mwaka isirudi tena. Mlinzi alipoulizwa alisema yeye analinda geti. Basi msichana akibanwa ilibidi atafute rafiki wa kumkingia kwa sweta, na rafiki naye atafute pa kuangalia. Waliokaa karibu walikimbilia makwao kengele ya saa nne ikilia tu, na wengi wao ndiyo mpaka kesho. Darasa la mwisho lilikuwa na wasichana arobaini na mmoja asubuhi. Baada ya mapumziko ukiwapata ishirini ujue una bahati, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye kutembea wima hata wanafunzi wakampa jina la Rula. Jina alilijua na hakulichukia. Alichochukia ni kusimama kwenye dirisha la ofisi yake saa nne na kuona migongo ya wasichana wake ikiyoyoma njiani. Barua alikwisha kuandika kila mahali panapopokea barua. Majibu yalikuja yamejaa heshima tele, ila hayakuja na mbao wala bawaba.

Nyumbani alikaa na binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na minne aliyesoma shuleni hapohapo, darasa hilohilo la mwisho. Walimwita Kimya, na mwenyewe hakuwahi kubisha, maana kubisha kungemharibia jina. Kila asubuhi Rula alimmiminia chai, na kila asubuhi kikombe kilibaki mezani kimejaa.

"Siku hizi unajipunguza mwili?" Rula alimuuliza siku moja.

"Sina kiu, shangazi."

Rula aliona ni mambo ya usichana. Walikuwa na mwendo wa nusu saa kwa miguu na yeye hakupenda kuchelewa, kwa hiyo alifunga mlango wakaondoka.

Ndipo Umoja wa Wafanyabiashara wa mtaa ule ulipojitokeza. Barua yao ilikuwa fupi, yenye mhuri mpana kuliko maneno yenyewe: Umoja umeamua kuwa mlezi wa shule, mwalimu mkuu afike kikaoni Jumatano aeleze shida zake. Rula aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Ukweli usemwe, alifurahi. Alikwenda akachukua futi, akapima vyoo mwenyewe, akaandika vipimo kwenye karatasi na kuikunja mara nne.

Kikao kilifanyika stoo, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mwenyekiti, katikati ya mifuko ya saruji na mabunda ya nyaya. Mwenyekiti alikuwa mtu wa tumbo la kutangulia, mwenye sauti ya kuelekeza lori lirudi nyuma. Katibu wake alikuwa na duka la dawa. Watu walimwita Daktari, naye kwa ukarimu wake hakuwahi kumsahihisha mtu. Kulikuwa na Mama Saluni, aliyekuja na kucha zake kumi zote zikiwa kazini. Waliobaki walikuwa muuza simu, muuza viatu na mwenye mgahawa, ambao kazi yao kikaoni ilikuwa kuunga mkono.

"Karibu, mwalimu, hapa ni kwenu," Mwenyekiti alisema. "Sema yote. Usituonee haya."

"Sina mengi, Mwenyekiti. Naomba milango sita."

"Milango ya nini?"

"Ya vyoo vya wasichana."

Muuza simu alitoa simu akaitazama kama vile ndiyo kwanza anaiona. Mwenyekiti alijikuna kidevu.

"Vyoo," alirudia polepole.

"Vyoo, Mwenyekiti. Vipimo ninavyo hapa."

Karatasi haikupokewa. Mama Saluni aliinama mbele, akamshika Rula mkono. "Dada yangu, mimi ni mwanamke, nakuelewa. Lakini niambie, jina langu nitaliandika wapi? Kwenye mlango wa choo? Mteja akutane na jina langu chooni, halafu aje kwangu kusukwa?"

"Na kuna suala la mgeni rasmi," Daktari aliongeza, kalamu ikiwa imesimama hewani. "Mgeni rasmi hakati utepe chooni. Tutampiga picha amesimama wapi?"

"Kweli kabisa," alisema muuza viatu.

"Mwalimu, sisi tunataka kutoa kitu kinachoonekana," Mwenyekiti alihitimisha.

"Wasichana wanaonekana, Mwenyekiti," Rula alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

Mwenye mgahawa alicheka, akagundua amecheka peke yake, akakohoa. Mwenyekiti hakukasirika. Mtu aliyekwisha kuamua hana haja ya kukasirika. Alieleza kwamba Umoja utajenga bango kubwa pale getini, refu, la rangi, ili kila apitaye ajue shule hii ina walezi. Kila mjumbe atakuwa na sehemu yake sawa na mwenzake, kwa kuwa mwaka uliopita walichapisha kalenda na jina la Daktari likatoka dogo, na Umoja nusura uvunjike.

Rula alitaka kuuliza wanalea nini hasa, lakini akameza. Alijipigia hesabu yake ya kijinga, kama tunavyojipigia sote tukiwa na shida: wakishaweka bango kubwa hivyo, wataona aibu nyuma yake kusiwe na kitu. Leo bango, kesho milango. Akasema asante. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba kusaidiana ni pande mbili, na Daktari akafungua ukurasa mpya.

Wiki tatu zilizofuata shule ilisaidia upande wake, tena ikasaidia mpaka ikapitiliza. Watoto mia mbili walipangwa barabarani kupunga vibendera Mwenyekiti alipofungua tawi la pili la duka. Kila daftari lilibandikwa tangazo la Mama Saluni, hata madaftari ya watoto wa kiume wenye vipara. Pakawa na shindano la insha, "Kwa Nini Nyumba Bora Huanza na Saruji Bora", na mshindi akawa mtoto wa nyumba ya mabati matupu aliyeisifia saruji hadi mwalimu aliyesahihisha akatoka nje kupunga hewa. Kwaya nayo ilifanya mazoezi kila siku baada ya mapumziko, ule muda uleule ambao Rula alikuwa akiulilia. Wimbo ulitaja wajumbe wote sita kwa mpangilio uliokubaliwa kikaoni. Usiku hakulala vizuri, akijiita mjinga kwa majina mbalimbali, lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kuwakumbusha watoto waimbe kwa tabasamu.

Siku ya makabidhiano ikafika, Ijumaa. Bango lilikuwa limesimamishwa na fundi seremala, baba wa mwanafunzi mmoja wa darasa la nne, na lilifunikwa kitambaa cheupe kutoka juu mpaka chini. Mgeni rasmi alitakiwa saa tatu. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne ikaja kelele ya gari, lakini lilikuwa gari la viti vya wageni. Wageni walikaa kivulini wakanywa maji ya chupa. Kwaya ilisimama juani, safu tatu, wasichana mbele kwa sababu Daktari alisema wanapendeza kwenye picha.

Saa tano kasoro Kimya alianguka. Hakupiga kelele. Alikunja magoti tu, akalala vumbini, na wenzake wakaendelea kuimba jina la muuza simu kwa sababu hawakuambiwa waache. Daktari alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga goti, akamshika Kimya mkono kama anayetafuta mapigo ya moyo, akageuza uso kwa mpiga picha, akangoja. Picha ilipokwisha kupigwa alisimama akajipangusa suruali, na Rula ndiye aliyembeba mtoto mpaka ofisini.

Alimlaza kwenye benchi, akamlowesha uso, akamletea kikombe cha maji. Kimya alilamba midomo na kukisukuma.

"Kunywa."

"Sitaki, shangazi."

"Umekunywa nini tangu asubuhi?"

Kimya alitazama ukuta. "Sijanywa kitu tangu jana jioni. Nikinywa nitataka kwenda."

Rula hakuelewa mara moja, au alielewa akataka asielewe. "Kwenda wapi?"

"Kule. Hakuna milango, shangazi. Wanaokaa karibu wanakimbia kwao. Sisi wa mbali hatunywi."

"Nani na nani?"

"Karibu wote."

Vikombe vyote vile vilivyobaki mezani asubuhi vilimrudia Rula kimoja kimoja. Alikuwa akihesabu wanaokimbia, akawaandikia barua watu wazima nusu ya mji, na hawa waliokaa darasani midomo imekauka akawaona ndio wema. Na mmoja alikuwa analala chumba cha pili nyumbani kwake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Kisha ikageuka hasira, na hasira hiyo haikumwacha mpaka mwisho wa habari hii. Alifunga mlango wa ofisi, akasimama nao mgongoni, akamwambia mtoto anywe, kisha akampeleka kwenye choo cha walimu na kumlindia yeye mwenyewe.

Waliporudi uwanjani, mgeni rasmi alikuwa amefika na hotuba imeanza. Alisifu Umoja, akasifu elimu, akayachanganya mawili hayo mpaka hayakutambulikana. Kisha utepe ukakatwa, kitambaa kikavutwa, na watu wakapiga makofi.

Rula hakupiga. Lile bango lilikuwa milango.

Hakuota. Ilikuwa milango sita imesimama bega kwa bega, imepigiliwa kwenye mihimili miwili, imepakwa rangi ya njano, na kila mmoja una jina la mjumbe wake. Pale penye tundu la kitasa pamezibwa lipu. Wa kwanza ulikuwa na picha ya Mwenyekiti kuanzia kifuani, akitabasamu, na chini yake maandishi mekundu: MTEJA HAONDOKI BILA KURIDHIKA.

Rula alisogea mpaka alipokuwa fundi seremala. "Fundi, macho yangu yana kasoro?"

"Hayana, mwalimu." Fundi alitazama viatu vyake. "Mwenyekiti aliagiza milango akakosea kipimo. Imekuja mifupi, hakuna nyumba inayoikubali. Mwaka wa pili huu imelala stoo. Akasema badala ya kununua mbao za bango, itumike."

"Ilikuwa stoo? Stoo ile tuliyofanyia kikao?"

"Nyuma ya mifuko ya saruji. Uliipa mgongo."

"Ina futi ngapi?"

"Tano na nusu kwenda juu. Mbili na robo upana."

Rula alitoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Bado alikuwa anatembea nayo. Fundi aliisoma, akamtazama, kisha akatazama bango. Neno lililowajia wote wawili lisingefaa mbele ya watoto.

Wakati huo Daktari alikuja na hati ya makabidhiano, nakala mbili. Wajumbe wote walikuwa wamekwisha kutia sahihi. Rula aliisoma yote, kwa kuwa alikuwa mwalimu na husoma mpaka chini. Kifungu cha tatu kilisema kwamba kuanzia leo bango na vifaa vyake vyote ni mali ya shule, kwamba Umoja hautahusika tena na ukarabati wake wala madhara yake, na shule italitunza na kulitumia kwa namna itakayoona inawafaa wanafunzi.

"Hiki kifungu cha tatu nani kakiandika?" aliuliza kwa upole.

"Mimi mwenyewe," Daktari alisema. "Mwenyekiti hakutaka liangukie mtu halafu tudaiwe sisi."

"Kimekaa vizuri sana."

Akatia sahihi, tena ya polepole, herufi zote zikionekana. Mwenyekiti alimpa mkono mbele ya kamera, na kwa mara ya kwanza siku ile Rula akatabasamu. Picha hiyo ipo mpaka leo, na wanaojua yaliyofuata huiangalia wakacheka.

Jumamosi asubuhi fundi alikuja na patasi, bisibisi na bawaba kumi na mbili alizozitoa kwake mwenyewe. Rula alishika upande wa pili wa kila mlango. Kufika saa nane mchana milango sita ilikuwa imekaa mahali pake kana kwamba ilizaliwa kwa ajili hiyo, kila mmoja na komeo lake ndani. Walibishana jambo moja tu. Fundi alitaka rangi na majina yakae ndani ili kwa nje pasionekane vibaya. Kimya, aliyekuwa akiwapa misumari, alisema hapana. Walipomshangaa akaeleza kwamba hakuna msichana atakayeweza kuchuchumaa huku Mwenyekiti anamtazama. Mwenyekiti akageuzwa nje, akabaki anawakaribisha watu kwa tabasamu.

Jumatatu saa nne kengele ililia na Rula akaenda dirishani. Foleni ilikuwa ndefu, yenye makelele, yenye kusukumana. Getini hakupita msichana hata mmoja. Baada ya mapumziko alikwenda darasa la mwisho kuhesabu mwenyewe, akapata thelathini na tisa, na wawili wana ruhusa.

Jumanne wakaja, wote sita, bila barua. Mwenyekiti aliingia ofisini kabla ya kuambiwa karibu.

"Mwalimu, umetudhalilisha. Mimi, na umri wangu, sura yangu iko chooni."

"Iko nje ya choo, Mwenyekiti. Hilo tulilizingatia."

"Mji mzima unanicheka. Jana mteja kanunua kitasa, akaniuliza kama na mimi nafungwa kwa ndani."

Muuza simu aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Rula alifungua droo, akatoa hati, akamkabidhi Daktari. "Tusomee kifungu cha tatu, Daktari. Wewe ndiye uliyekiandika."

Daktari alisoma. Alianza kwa sauti ya kikao, ikaendelea kushuka, na alipofika kwenye manufaa ya wanafunzi alikuwa anajisomea mwenyewe. Mwenyekiti alisema hati ni hati, lakini milango ilitoka stoo yake, na anaweza kuirudisha stoo yake leo hii.

"Sawa," Rula alisema. "Njooni mng'oe. Ila mje saa nne, foleni ikiwepo. Na mje na mpiga picha wenu, maana nyinyi hamfanyi jambo bila picha. Mimi nitawapanga wasichana mbele, kama tulivyozoea. Kuna mmoja alianguka juani Ijumaa kwa sababu hakuwa amekunywa hata tone la maji tangu jana yake, akiogopa vyoo hivyo. Daktari anamfahamu, wana picha pamoja. Nitamwomba asimame karibu na mlango wako, Mwenyekiti, awaeleze watu."

Hakuna aliyeunga mkono. Mwenye mgahawa alisema ana chungu jikoni. Mama Saluni ndiye aliyebaki nyuma wenzake walipotoka. Aliangalia mlangoni, akashusha sauti.

"Mwalimu, nimepita pale. Mlango wangu uko wa mwisho kabisa, karibu na ukuta. Wa Mwenyekiti uko wa kwanza. Haiwezekani kubadilisha?"

"Wako ndio komeo lake halikwami," Rula alimjibu. "Wanaupigania."

Mama Saluni alifikiri kidogo, akaridhika, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye barua ikaja, mhuri uleule. Umoja, kwa kujali maisha ya mtoto wa kike, ulikuwa umetoa milango sita ya vyoo, na sasa uliomba kufanya makabidhiano rasmi. Mgeni rasmi amekubali kukata utepe palepale vyooni. Kwaya iandaliwe, wasichana sitini, mazoezi kila siku baada ya mapumziko. Mwishoni Daktari aliongeza kwa mkono wake kwamba vyoo vya wavulana pia Umoja unavifikiria, kwani muuza mikate amejiunga na hana mlango.

Rula alikwenda nayo nyumbani, akaandika jibu Jumamosi asubuhi mezani, karibu na birika la chai. Aliandika kwamba shule inashukuru. Kwamba baada ya mapumziko wasichana hawatapatikana kwa kwaya, kwa kuwa siku hizi huwa wako darasani. Kwamba muuza mikate alete mlango, vipimo vimeambatanishwa. Na kwamba atakayetaka kuiona milango ya wasichana anakaribishwa siku yoyote, mradi abishe hodi, na akisikia kuna mtu, angoje.

Kimya alisoma barua juu ya bega la shangazi yake. Alikaa, akavuta kikombe chake, akanywa chai mpaka chini, kisha akakisogeza mbele.

"Shangazi, imebaki?"

Rula alimmiminia akiwa ameinamisha uso, ikafurika kidogo kwenye sahani.